Aibu yetu ndiyo mtaji wa tapeli

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aghalabu maneno haya huambiwa mgonjwa anayeona haya kumwonyesha tabibu pahali panapomuuma. Mimi naona siku hizi yamfaa zaidi mtu aliyeibiwa fedha zake kwa simu, kisha akajifungia ndani akanyamaza.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwezi wa Machi 2007, fedha zetu zimehama kutoka kibindoni hadi katika simu. Hiyo ni neema kubwa. Mama aliyeko Lamu hupokea matumizi kutoka kwa mwanawe aliyeko Nairobi kabla chai haijapoa. Lakini penye sukari hapakosi sisimizi, na matapeli nao wamehamia huko huko.

Hila zao twazijua. Wa kwanza hukuletea ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa, kwamba umepokea shilingi elfu tatu. Punde si punde hukupigia akilia: "Mama, nimekosea namba, fedha hizo ni za dawa ya mtoto, nirudishie kwa ajili ya Mungu." Ukituma, umetuma zako, kwani zake hazikuja kamwe. Wa pili hujifanya karani wa kampuni ya simu, akakwambia laini yako itafungwa saa ile ile usipomtajia namba yako ya siri. Wa tatu hujiita wakala wa kazi za Ghuba, naye ataka ada ya viza kabla jua halijatua. Hila ni mbalimbali, lakini chambo ni kimoja: haraka.

Sheria ya kupambana na uhalifu wa kompyuta na mitandao ilipitishwa mwaka 2018, na kampuni za simu na mabenki hutoa maonyo kila mara. Mbona basi watu wangali wakinaswa?

Kwa maoni yangu, sababu ya kwanza ni lugha. Kampeni moja ya Safaricom iliitwa "Jichanue". Kijana wa Nairobi hufahamu mara moja kuwa anaambiwa aerevuke. Je, ajuza wa Mji wa Kale, ambaye kwake yeye kuchanua ni kwa maua na chanuo ni la nywele? Tena, kumwambia mtu "jihadhari na matapeli" basi, ni sawa na kumwambia nahodha ajihadhari na mwamba pasipo kumwonyesha mwamba uliko.

Sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni aibu. Mtaani kwetu hapa Mombasa, bi mmoja mwenye kushika fedha za mchezo wa kina mama alihadaiwa, zikaenda fedha za zamu ya mwenziwe. Akauza bangili zake akazilipa, asimwambie mtu, hata mumewe. Hazikupita wiki mbili, majirani zake wawili wakanaswa kwa maneno yale yale. Aliniambia kwa uchungu, "Mwanangu, lau ningalisema, wenzangu wangalipona. Niliogopa kuchekwa."

Ni nani aliyeogopa kuchekwa naye? Ni sisi tulioketi barazani na vikombe vya kahawa, tukisema kila aliyeibiwa ameponzwa na tamaa. Si kweli. Arudishaye fedha anazodhani si zake ni mwaminifu, wala si mpumbavu. Tapeli huwinda huruma na uaminifu kama awindavyo tamaa, na kicheko chetu humfichia nyayo zake.

Twajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika fungu la chakula, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua, naye akaulizwa mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Nami nachukua funzo kwamba dawa ya hadaa ni kuwekwa juu, peupe, pale pale watu walipo.

Basi maonyo nayo yapelekwe walipo watu: kwa imamu baada ya sala ya Ijumaa, kwa mwalimu wa madrasa, katika vikao vya mchezo, redioni na kwa wakala wa mtaani. Na yaelezwe kinaganaga. Ujumbe ukija, tazama salio lako kwanza, kwani salio ndilo shahidi. Aliyekosea kweli hana haja ya kukulilia. Na aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, arudishiwe kwa utaratibu. Karani wa haki haulizi namba ya siri ya mtu. Na ujumbe wa hadaa upelekwe kwa namba 333, ili Safaricom ipate kumfuatia aliyeutuma.

Na siku jirani yako akija na habari kwamba ameibiwa, usimcheke. Mkaribishe kahawa, umwulize aliambiwa nini, neno kwa neno. Kisha yachukue maneno hayo hadi nyumba ya pili, ufike kabla ya tapeli.