Maziwa ya Sindano na Chai ya Kaloleni

Kaloleni ni mtaa wa Nairobi uliozoea hoja nzito tangu zamani, kwani ni katika ukumbi wake ndimo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alimosimama mwezi wa Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki bila ya kucheleweshwa. Na siku hizi, chini ya mapaa yale yale ya vigae, hoja inayovuma ni ya maziwa. Kuna anayenunua pakiti dukani, kuna anayekinga chupa yake kwenye mashine tunayoiita ATM, na kuna anayemngoja mchuuzi mwenye mitungi juu ya pikipiki. Na wote hao wamekwisha kuletewa na simu zao uvumi kwamba maziwa ya leo ni ya homoni.

Asili ya habari hii i mbali nasi. Mwili wa ng'ombe una homoni yake ya ukuaji, ambayo huhimiza utoaji wa maziwa. Wataalamu wa Marekani waliweza kuizalisha kwa wingi kwa kutumia bakteria, na mwezi wa Novemba 1993 idara ya chakula na dawa ya huko ikairuhusu kampuni ya Monsanto kuiuza kwa jina la Posilac, ng'ombe akadungwa kila majuma mawili. Kanada iliikataa Januari 1999, na mwaka huo ulipokuwa ukingoni Umoja wa Ulaya nao ukakata shauri kuipiga marufuku kabisa.

Insafu yataka isemwe kwamba Kanada haikuikataa kwa sababu ya wanywaji. Jopo la madaktari wa binadamu halikuona hatari kubwa kwao. Ni jopo la madaktari wa mifugo lililobainisha kuwa ugonjwa wa kiwele huongezeka kwa hadi asilimia 25, na kuchechemea kwa hadi asilimia 50. Ng'ombe ndiye aliyeshinda kesi hiyo, jambo ambalo wanaotusambazia hofu hawalitaji kamwe.

Ama ng'ombe wetu, yule mmoja au wawili wa mkulima mdogo wa Kiambu, uhaba wa maziwa yake aghalabu hautokani na ukosefu wa homoni bali wa majani na maji wakati wa kiangazi, na kumdunga mnyama mwenye njaa ni kumchapa punda asiyelishwa. Lakini kiwele huugua hata pasipo homoni. Hapo mfugaji huenda dukani, hununua antibiotiki, humtibu mnyama wake. Na ilhali chupa ya dawa imeandikwa bayana kwamba maziwa ya siku kadhaa baada ya tiba yamwagwe, ni nani atakayemwaga karo ya mwanawe?

Kuna pia sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ng'ombe akilishwa nafaka au chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka katika maziwa, na watafiti wameikuta zaidi ya mara moja katika maziwa yauzwayo Nairobi. Mama anayeyachemsha maziwa hata yakafura hufanya vyema, kwani huua vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya bruselosi; lakini moto wa jikoni hauiondoi aflatoksini, wala hauyamalizi mabaki ya dawa nyingi.

Kwa hiyo nawasihi majirani zangu waiache Posilac kwa Wamarekani, na swali lao walielekeze kwa Bodi ya Maziwa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1958 na ambayo ndiyo itoayo leseni kwa wauzaji: maziwa ya mtaa huu yalipimwa lini, na yalikutwa na nini? Majibu yake yabandikwe ukutani mwa kila duka la maziwa, kando ya leseni, kwa Kiswahili.