Anza na Maji: Utangulizi wa Elimu ya Kuchagua Samaki wa Nyumbani

Mtu aliyekulia Pemba hahitaji kufundishwa samaki. Mnadani Wete atakutenganishia tasi na pono, changu na chewa, na atakwambia yupi wa kukaanga na yupi wa kupaka nazi. Kojani wapo wazee wanaojua nani hupatikana wakati wa bamvua na nani wakati wa maji mafu. Elimu hiyo ni kongwe kuliko vitabu, ila inahusu samaki anayevuliwa. Somo ninalokukaribisha hapa linauliza swali jingine: samaki gani atakaa ndani ya tangi kubwa la kioo sebuleni kwako, akae miaka, asiteseke wala asiwatese wenzake?

Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake zimo elimu tatu. Ipo ya uainishaji, inayotaja nani ni nani. Kwa upande wetu ilianza kuandikwa mapema: mwaka 1866 Robert Lambert Playfair, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, na Albert Günther wa makumbusho ya London walitoa kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Ipo ya mazingira, inayoeleza nani anakula nini na anaishi na nani. Na ipo kemia ya maji. Wengi huingia somo hili kwa mlango wa rangi: wanaona samaki wa kupendeza, wanamnunua, kisha wanahangaika kumtafutia maji yanayomfaa. Mimi naona njia hiyo imekwenda kinyume. Maji uliyonayo ndiyo yachague samaki.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60. Hilo linabeba lita 648, maana yake maji peke yake ni kilo 648, bado kioo, mawe na mchanga. Usiliweke ghorofani kabla fundi aliyejenga nyumba hajaiangalia sakafu. Faida ya ukubwa ni utulivu: joto na kemia hubadilika polepole, na kosa dogo la mfugaji haliui samaki wote wa tangi kwa usiku mmoja. Lakini ukubwa huohuo hudanganya. Lita 648 ni nyingi machoni mwa mnunuzi, na ni chache sana kwa samaki ambaye porini hutembea mwamba mzima kwa siku.

Sasa maji yenyewe. Pemba ina sura mbili. Mashariki, na hasa kuelekea Micheweni, ardhi ni jiwe la matumbawe ya kale. Maji yanayopita humo hubeba chokaa, sabuni haitoi povu upesi, na sufuria la chai hufanya ukoko mweupe. Magharibi, kwenye vilima vya udongo na mikarafuu, maji mara nyingi huwa laini zaidi. Visima vilivyo karibu na pwani huweza kuingiwa na chumvi. Vitabu vya Ulaya humfundisha mfugaji kuongeza chokaa ili awafurahishe samaki fulani, au kuiondoa ili awafurahishe wengine. Mtu wa Micheweni ameshapewa chokaa bure. Akishupalia samaki wadogo wa mito ya Amazoni, waliozoea maji laini yenye tindikali, atapigana na kisima chake kila wiki. Akimgeukia samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9, kisima kitamsaidia.

Joto nalo lina hesabu yake. Vitabu hivyohivyo hutumia kurasa nyingi kueleza vifaa vya kupasha maji. Pemba huvihitaji kwa nadra; shida yetu ni kinyume chake. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na mwezi wa Machi nyumba ya bati inaweza kuyapandisha kuliko samaki wengi wanavyotaka. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, na kufungua mfuniko pia, mradi ukumbuke kujaza maji yanayokauka. Tangu 2010 kisiwa kinapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, lakini umeme hukatika popote, na chujio likisimama samaki wanaanza kuhesabu saa. Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri inunuliwe kabla ya samaki, na idadi ya samaki iwe ndogo kuliko ile ambayo tangi lingeweza kubeba siku ambazo kila kitu kinakwenda sawa.

Nitakaa zaidi na samaki wa maziwa yetu makuu, kwa kuwa ndipo somo hili linapopata utamu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na ndani yake zimo aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura, wapenzi wa Ulaya wamewafuga kwa bidii. Mjerumani anaweza kukutajia Ikola, Kipili na Mpimbwe bila kuwahi kukanyaga Tanzania, maana samaki hao huuzwa kwa majina ya mahali walikotoka. Sababu ipo. Wale wa jenasi ya Tropheus huishi kwenye mawe ya ufukweni na hawapendi kuvuka mchanga mtupu, hivyo kila kipande cha pwani yenye mawe kimekuza rangi yake. Ukichanganya wa Ikola na wa Kigoma katika tangi moja watazaana, na baada ya vizazi viwili huna wa Ikola wala wa Kigoma.

Tropheus pia anavunja dhana ambayo karibu kila anayeanza huja nayo, kwamba samaki mgomvi apunguziwe wenzake. Ukiweka wanne, dume mwenye nguvu atamfuata mnyonge mmoja mpaka amuue, kisha atahamia kwa anayefuata. Ukiweka 20 pamoja, na wote ukawaingiza siku moja, hasira yake hugawanyika na hakuna anayebeba mzigo wote. Hapa ndipo tangi kubwa linapostahili gharama yake. Chakula chao ni mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa kazi hiyo. Ukiwalisha nyama kwa huruma, huvimba matumbo na kufa. Tena tahadhari na rangi. Watoto wa Tropheus duboisi ni weusi wenye madoa meupe, na hao ndio wanaowapendeza wanunuzi. Wakikua madoa hupotea, kichwa huwa cha buluu na kiunoni hubaki mshipi mmoja. Ambaye hakuambiwa atadhani amebadilishiwa samaki.

Ziwa hilohilo linatoa visamaki vya sentimita chache vinavyoishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono, na linatoa pia kuhe, anayepita sentimita 80. Wote ni ndugu, wote wanapenda maji yaleyale, na bado ukiwaweka pamoja mmoja atakuwa chakula. Maji yanaamua nani aweza kuishi. Mdomo na tumbo vinaamua nani aweza kuishi na nani. Mbuna, ndugu zao wa Ziwa Nyasa, wanafuata kanuni za namna hiyo, nao ni wavumilivu zaidi kwa mfugaji mpya.

Wapo wenye hamu ya samaki wa visiwani kwetu. Unguja, kwenye madimbwi yanayokauka, huishi Nothobranchius guentheri, aliyeainishwa mwaka 1893: dume ana magamba ya buluu yaliyozungushiwa wekundu, na mkia mwekundu. Mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi, na madimbwini maisha yake yote hayafiki mwaka. Ni samaki wa ajabu kumsoma, lakini urefu wake ni wa sentimita tano tu. Tangi dogo peke yake linamtosha.

Tuje baharini, maana najua msomaji wa Pemba ameshaanza kuniuliza kwa nini nimwelekeze Kigoma na hali mwamba upo mbele ya mlango wake. Bahari kuwa karibu hakufanyi kazi iwe rahisi. Maji ya mwambani yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita na hayabadiliki sana mwaka mzima. Tangi hubadilika kila siku kwa kukauka. Ukichota maji karibu na mdomo wa kijito wakati wa masika unachota mvua na tope. Halafu wapo samaki wa mwambani wasiokubali chakula kingine. Chaetodon zanzibarensis, aliyepewa jina la visiwa vyetu, hula viumbe vya matumbawe yaliyo hai. Tangini hufa njaa mbele ya bakuli la chakula. Samaki msafishaji, anayewatoa wenzake wadudu mwilini, huhitaji wateja wengi kuliko wanaoweza kuingia sebuleni.

Kitatange mkubwa ana hadithi yake. Inasimuliwa, hata vitabuni, kwamba zamani mmoja aliletwa soko la Zanzibar na michoro ya mkiani ikasomeka kama kalima, akanunuliwa kwa fedha isiyo ya kawaida. Mpaka leo wafugaji wa nchi za nje humwita kwa jina la Kurani. Mtoto wake, wa buluu iliyoiva na mistari myeupe ya nusu duara, ni mzuri kupita kiasi. Mkubwa hufika sentimita 40, hulinda eneo lake kwa ukali, na lita 648 hazimtoshi.

Watoto wako watataka Nemo wa ile filamu ya 2003. Aina ile haipatikani Afrika Mashariki. Sisi tunao ndugu zake wawili: mmoja wa rangi ya waridi na mstari mweupe mgongoni, mwingine mweusi na manjano mwenye mishipi miwili. Huishi kati ya minyiri inayowasha ya viumbe laini vya mwambani, na jike ndiye mkubwa wa nyumba. Akifa, dume lake hugeuka jike. Jamii hii huzalishwa matangini, kwa hiyo anayetaka tangi la chumvi aanze na waliozalishwa hivyo.

Kuwavua wa mwambani ni jambo jingine. Kisiwa chetu cha Misali kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, mwaka uleule joto la bahari lilipoyapausha matumbawe yake vibaya, na mwaka 2005 hifadhi ya Mkondo wa Pemba ikakizunguka. Wavuvi walishirikishwa, na mafunzo ya Kiislamu juu ya amana ya viumbe yakatumika kuwaelimisha. Kuchukua samaki hai wa mapambo humo kwa starehe ya sebuleni ni kuwadharau watu waliokubali kupunguza riziki yao.

Mambo mawili nayataja kwa ufupi. Tangi jipya liendeshwe wiki nne mpaka sita kabla ya kujazwa samaki, ili bakteria wanaogeuza amonia wakue; katika maji ya pH ya juu amonia huwa sumu kali zaidi. Na samaki uliyemchoka usimtupe kijitoni wala baharini. Samaki wa miiba ya sumu wa bahari yetu na ya Pasifiki alionekana Florida mwaka 1985, yaelekea katoka matangini, na leo ameenea Karibi yote akila watoto wa samaki wa huko.

Kwa mwenye tangi la lita 600 na maji ya kisima cha jiwe, shauri langu ni kundi moja la mbuna au la Tropheus wa mahali pamoja, waliozaliwa tangini, mawe mengi, na samaki mwingine yeyote asiongezwe kwa mwaka mzima. Samaki wa Misali katazame Misali kwa miwani ya mbizi. Na kabla hujanunua hata mmoja, jaza chupa safi kwa maji ya kisima chako, yapime pH, ugumu na chumvi, uandike majibu.