Kabla ya Kuvuta Kamba: Mwongozo kwa Wanaokusudia Kushuka Makorongo ya Jangwani

Katika majimbo ya Utah na Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kuna nchi ya mawe mekundu ambayo maji yameichonga kwa muda mrefu mno hata yakaacha makorongo membamba, marefu na yenye kina kirefu. Mengine ni membamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, ilhali kuta zenyewe zimepanda makumi ya mita juu ya kichwa chake. Watu huyapita kwa miguu, kwa kuogelea, na penye genge, kwa kushuka kwa kamba. Aghalabu huenda makundi ya marafiki, na msomaji anayeishi, anayesoma au anayetembelea huko anaweza kualikwa siku yoyote.

Makala hii haikusudii kumfundisha msomaji ufundi wa kamba, kwani ufundi huo hufunzwa kwa vitendo, chini ya mwalimu. Inakusudia kumweleza ni kitu gani hasa anachokinunua, maswali gani aulize kabla ya kulipa, na kwa nini sharti la kurudishiwa fedha, ambalo wengi hulipita bila kulisoma, linaweza kuwa jambo la uhai.

Jinsi korongo linavyojaa

Mwamba wa nchi hiyo ni jiwe la mchanga. Tabaka lake mashuhuri, liitwalo Navajo, lilikuwa matuta ya mchanga wa jangwa la kale zaidi ya miaka milioni 170 iliyopita. Jiwe tupu lisilo na udongo wala majani halinywi maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha juu yake, maji huteleza na kukimbilia kwenye nyufa, na nyufa hizo ndizo makorongo tunayoyazungumzia. Maji ambayo uwandani yangefika kifundoni, ndani ya korongo jembamba hupanda kupita kimo cha mtu, yakibeba magogo na mawe.

Mvua hiyo si lazima inyeshe mahali ulipo. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu wa mkondo. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba waliokuwa wakishuka Keyhole Canyon, katika hifadhi ya taifa ya Zion, Utah, walikufa wote. Siku hiyo mto mkuu wa hifadhi ulipanda kutoka mita za ujazo zipatazo 1.5 kwa sekunde hadi zaidi ya 70 kwa muda wa robo saa hivi. Kundi hilo lilikuwa na kibali halali, na wakati wa kukichukua asubuhi lilitahadharishwa kwamba huenda mafuriko ya ghafla yakatokea. Kibali, basi, si dhamana ya usalama: huonyesha kwamba umeruhusiwa kuingia, na uamuzi wa kuingia au kutoingia unabaki wako.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, halikuchongwa katika jiwe la mchanga, bali maji huenda kwa kanuni ile ile. Vijana saba wa kanisa walikufa humo mwezi Aprili 2012, na watu wengine saba, akiwemo mwongozaji wa watalii, wakafa mwezi Septemba 2019.

Kushuka kwa kamba kunavyofanya kazi

Mshukaji huvaa mkanda maalumu unaoshika kiuno na mapaja. Kamba hupitishwa katika pete iliyofungwa juu ya genge, kisha katika kifaa cha chuma kilichoshikizwa kwenye mkanda huo. Kifaa hicho huibana kamba, na mshukaji huongoza mwendo wake kwa mkono ulioshika kamba chini ya kifaa. Mkono huo ukiachia bila kinga nyingine, mtu huanguka. Kwa hiyo makundi yenye nidhamu humweka mtu chini ya genge akiwa ameishika ncha ya kamba. Anayeshuka akiteleza, huyo wa chini huivuta kamba, nayo ikikaza humsimamisha mwenzake.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika mchezo huu mahali pabovu mara nyingi si kamba yenyewe, bali ni kile kilichoishikilia. Ukanda wa nailoni ulioachwa juu ya genge na waliotangulia hupoteza nguvu kwa jua. Jiwe la mchanga lililolowa huwa dhaifu na hubanduka. Kamba iliyo fupi kuliko genge humwacha mtu akining'inia hewani, au humponyoka inapoisha. Kabla ya mtu wa kwanza kushuka, kila mmoja katika kundi ana haki ya kukagua pete, ukanda na urefu wa kamba, hata kama ni mgeni wa mchezo.

Hatua isiyorudi nyuma

Akishafika chini mtu wa mwisho, kundi huivuta kamba ili itumike katika genge linalofuata. Tangu dakika hiyo njia ya juu imefungwa, na hakuna tena kurudi ulikotoka. Lililobaki ni kusonga mbele hadi mwisho wa korongo, hata mawingu yakitanda, hata mwenzenu akivunjika mguu.

Hapa ndipo suala la fedha linapoingia. Watu waliokwisha kulipa amana kubwa, wakasafiri mbali na kuomba likizo kazini, huona vigumu kuahirisha kwa sababu ya wingu moja lililo mbali. Fedha isiyorudishwa huwasukuma kuingia mahali ambapo, kama wangekuwa hawajalipa kitu, wasingeingia. Kwa hiyo sharti la kwanza la kutafuta katika mkataba ni hili: hali ya hewa ikiwa mbaya, au mteja mwenyewe akisita asubuhi ya safari, je, atarudishiwa fedha au atapewa siku nyingine? Mwenye huduma anayejibu "ndiyo" kwa maandishi amekupa uhuru wa kukataa, na uhuru huo una thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, huduma hii inaruhusiwa mahali hapo? Katika hifadhi ya Zion, kwa mfano, kushuka makorongo yanayohitaji kamba kunahitaji kibali, na biashara ya kuongoza wateja katika makorongo hayo hairuhusiwi. Makampuni huwapeleka wateja nje ya mipaka ya hifadhi. Anayekuuzia safari ya namna hiyo ndani ya Zion anakuuzia kisichouzika.

2. Korongo lina daraja gani? Mfumo unaotumika Marekani huanza na tarakimu: 1 ni kutembea na 4 ni ufundi wa juu wa kamba. Herufi hufuata: A ni kavu au lina maji kidogo sana, B lina maji yaliyotulia, C lina maji yaendayo kasi. Mwishoni huja namba ya Kirumi inayoonyesha muda: I ni saa chache, na VI ni siku mbili kamili au zaidi. Mgeni akialikwa kwenye korongo la 4C, asikubali kwa maneno ya kutiwa moyo tu.

3. Nani ataamua kuahirisha, na kwa kutazama nini? Majira ya dhoruba huko ni hasa Julai hadi Septemba. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa kila siku makadirio ya uwezekano wa mafuriko ya ghafla kwa hifadhi za eneo hilo. Jibu linalofaa huyataja makadirio hayo na saa ya kuyasoma. "Tutaona tukifika" si jibu.

4. Kiongozi mmoja ana wateja wangapi? Kundi kubwa hushuka polepole, na kila genge huwachelewesha wote.

5. Hati ninayotakiwa kutia saini inasema nini? Makampuni mengi humtaka mteja akubali kwamba anazijua hatari na hatadai fidia. Iombe hati hiyo kabla ya siku ya safari uisome nyumbani, si kando ya gari huku wenzako wakikungoja.

6. Je, bima yangu inahusika? Bima nyingi za safari huondoa michezo ya kamba na milima. Usitosheke na jibu la simu. Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa.

Ukinunua au kuazima vifaa

Vifaa vya kazi hii huwa na alama za viwango. Katika viwango vya Ulaya, kamba isiyonyumbuka sana ni EN 1891, mkanda wa mwilini ni EN 12277, na kofia ya kukwea ni EN 12492. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi wa vifaa vya nailoni hutaja miaka 10 kuwa kikomo, hata kama kifaa hakijatumika. Usinunue kamba iliyokwisha kutumika, kwa kuwa jua, mchanga na asidi ya betri huidhoofisha bila kuacha dalili ya kuonekana kwa macho.

Kila mtu abebe maji yapatayo lita 4 kwa siku. Pamoja na joto la jangwa, yako madimbwi yasiyofikiwa na jua, ambayo maji yake ni baridi hata wakati wa kiangazi. Mtu akikaa humo bila nguo za kuogelea zenye kuhifadhi joto, mikono hufa ganzi akashindwa hata kushika kamba. Wala asiruke ndani ya dimbwi asilolijua: mchanga huhama kila mafuriko, na palipokuwa na kina mwezi uliopita huenda leo maji ni ya magotini.

Kazi ya urafiki

Mwezi Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston aliingia Bluejohn Canyon, Utah, peke yake, bila kumwambia mtu alikokwenda. Jiwe lilimbana mkono, naye akakaa humo zaidi ya siku tano mpaka alipoukata mkono huo mwenyewe ili atoke. Kwa hiyo mwachie mtu asiyekwenda nanyi jina la korongo, idadi yenu na saa ambayo, msipopiga simu, ataarifu waokoaji. Ndani ya makorongo mengi simu haishiki mtandao.

Hata hivyo, urafiki una upande wake wa hatari. Kila mmoja huona haya kuwa wa kwanza kusema "turudi". Kubalianeni kabla ya safari kwamba neno la mmoja aliye na hofu linatosha kuwarudisha wote, na kwamba hatadaiwa sababu wala fedha.

Haki zako ukirejea nyumbani

Huduma inayouzwa nje huongozwa na sheria za huko. Lakini ukinunua safari kama hiyo Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inakupa haki ya huduma yenye ubora unaostahili, ya kupewa habari unazohitaji, ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yako ya kiuchumi, na ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki ilizozitoa haziondolewi na maneno ya mkataba. Hifadhi risiti, tangazo la safari na ujumbe wote mlioandikiana na muuzaji. Bila hivyo, haki hizo ni ngumu kuzithibitisha.

Tahadhari kabla ya hatari. Katika korongo, "kabla" ina mahali pake panapojulikana: ni juu ya genge la kwanza, kamba ikiwa bado haijavutwa. Maswali yote yaulizwe na kujibiwa hapo au mapema zaidi. Asiyepata jibu la kumridhisha arudi garini na wenzake; korongo litakuwapo siku nyingine.