Fundi Konde na Albamu ya Uzeeni: Santuri Kongwe kama Matini ya Fasihi

Utangulizi

Fundi Konde, mpiga gitaa na mtunzi kutoka pwani ya Kenya, alizaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000. Alikuwa ametimiza takriban miaka 70 wakati albamu yake Retrospective Vol. 1 ilipotolewa na RetroTan, mwaka 1994. Nyimbo zilizomo alizirekodi kati ya mwaka 1947 na 1956. Makala haya yananuia kueleza mambo mawili: kwa nini nyimbo hizo zinamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na pengo hilo la takriban miongo minne linatufunza nini.

Msanii na wakati wake

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Konde alitumbuiza wanajeshi wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia. Baada ya vita alishirikiana na Peter Colmore na kurekodi nyimbo za Kiswahili zilizotolewa kwa nembo ya HMV. Anatajwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme. Miaka ya 1960 vijana wenye mapigo mapya walishika usukani, na jina lake likafifia. Baada ya albamu ya 1994, alifuatana na Shikamoo Jazz, kundi la wanamuziki wakongwe wa Tanzania, katika ziara ya Uingereza mwaka 1995. Jina la kundi hilo lenyewe ni funzo: vijana waliombwa wawaamkie wazee ambao walikuwa wamewasahau.

Lugha ya santuri

Santuri ya enzi hiyo ilibeba takriban dakika tatu tu kila upande. Mtunzi hakuwa na nafasi ya kusimulia kisa kwa mapana, hivyo alilazimika kuteua maneno kama mshairi anayebanwa na mizani. Tutazame vichwa viwili tu. Katika “Majengo Siendi Tena”, neno “tena” linatuambia kwamba msemaji alikuwa na mazoea ya kwenda huko. Kanushi “siendi” inaashiria kwamba kuna lililomfika. Kisa kizima kimedokezwa kabla ya gitaa kulia. Nacho kichwa “Ajali Haikingiki” kinatumia kauli ya kutendeka. Mtunzi hakusema “hatuikingi”, kauli ambayo ingemtwika mtu lawama. Kwa “haikingiki” mtenda ametoweka, ikabaki ajali peke yake. Hapa sarufi inabeba falsafa, na kichwa kinasimama kama methali.

Yanayopotea

Mwandishi wa makala haya alilelewa Makindu, kando ya reli ya Mombasa na Nairobi. Marehemu babu alikuwa na sanduku la santuri. Gramafoni ilipoharibika, sisi wajukuu tulizirusha uani kama visahani, zikavunjika moja baada ya nyingine. Hakuna aliyesoma yaliyoandikwa kwenye vibandiko vyake. Leo ninasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na siwezi kusema tulivunja nyimbo za nani.

Albamu ya Konde iliwezekana kwa sababu santuri zake zilihifadhiwa. Aidha, mwenyewe alikuwa hai kuulizwa na kupongezwa. Si wote waliopata bahati hiyo. Kakai Kilonzo, fanani wa Ukambani aliyeimba kwa Kikamba na Kiswahili pamoja na Kilimambogo Brothers, alifariki mwaka 1987 akiwa bado kijana.

Hitimisho

Wapo wanaoshikilia kwamba wimbo wa dansi si fasihi kwa kuwa uzito wake umo katika ala. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, kwani gitaa la Konde hujibu maneno yake, na anayesoma maneno pekee hupoteza nusu ya mazungumzo. Hata hivyo, hiyo ni sababu ya kuhifadhi sauti pamoja na maneno, si ya kuvitupa vyote viwili. Tunahakiki tenzi kwa kuwa kuna waliozinakili miswada yake. Basi kila mwanachama arudipo nyumbani likizoni, na aulize iwapo kuna sanduku la santuri chini ya kitanda cha mzee, asome vibandiko na kuandika majina. Kazi hiyo haihitaji ufadhili, ila inahitaji kufanywa wazee wangali nasi.