Fimbo ya Mlimani Ikiwa Mguu wa Kamera

Mbega wa Kilimanjaro hupenda kivuli. Ukipanda kwa njia ya Machame, siku ya kwanza karibu yote unatembea msituni, kuanzia mita 1,800 hivi hadi karibu mita 2,800, chini ya miti iliyoziba anga. Juu matawini unaona mkia mrefu mweupe, unainua kamera yenye lenzi ya milimita 200, na hata ukiweka ISO 800 na f/5.6, mwanga hafifu wa humo ndani unakudai shata ya 1/50 ya sekunde. Hapo ndipo picha nyingi huharibika.

Wapiga picha wana kanuni ya siku nyingi: kamera ikiwa mkononi, lenzi ya milimita 200 inataka shata isiyopungua kasi ya 1/200. Sababu iko mwilini mwetu. Mkono wa mtu mzima mwenye afya njema hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde bila mwenyewe kujua, na mtetemo huo huigeuza kamera kidogo kidogo. Chukua pembe ndogo mno, sehemu moja ya mia ya digrii. Kwa lenzi hiyo, taswira inasogea milimita 0.035 juu ya kihisi cha kamera. Kihisi chenye upana wa milimita 36 na pikseli 6,000 kina pikseli za milimita 0.006 kila moja, kwa hiyo jicho la mbega limekwisha kusambaa juu ya pikseli karibu sita. Manyoya yake yanakuwa kama pamba iliyolowa.

Dawa inayojulikana ni stendi ya miguu mitatu. Lakini stendi ya maana ina uzito wa kilo moja na nusu au mbili, na mlimani kila kilo ina mgongo unaoibeba. Kanuni za hifadhi zimemwekea mpagazi kikomo cha kilo 20, na ni haki kabisa. Fimbo ya kupandia, kwa upande wake, unayo tayari.

Fimbo haikuzuii kuyumba. Inabadilisha namna unavyoyumba. Kwanza, uzito wa kamera unashuka ardhini, misuli ya mikono inapumzika, na mwendo wa juu na chini unakoma. Pili, pembe inapungua. Ukiwa umeishika kamera kwa mikono iliyoachana sentimita 10, mkono mmoja ukishuka milimita moja tu, kamera inageuka zaidi ya nusu digrii. Ikiwa juu ya fimbo ya sentimita 130 na ncha imekita ardhini, kusogea milimita moja kando kunaipindua chini ya sehemu moja ya ishirini ya digrii. Tena myumbo huo ni wa mwili mzima, wa polepole. Shata ya 1/50 inafunga kabla haujafika popote.

Tatizo ni urefu. Fimbo nyingi huishia sentimita 130 au 140, na macho ya mtu aliyesimama yako juu zaidi. Mlimani dawa yake ni rahisi: simama upande wa chini wa mteremko, ukite ncha upande wa juu, mbele yako, utanue miguu. Nyayo mbili na ncha ya fimbo zinafanya pembetatu. Bonyeza kamera kwenye paji la uso, toa pumzi, piga. Juu ya mwamba, vika ncha kofia yake ya mpira, maana chuma huteleza. Kaza vifungo vya fimbo vizuri, hasa vile vya kuzungusha, kwa sababu hulegea uzito ukiongezeka.

Kuhusu skrubu, sikiliza kwa makini. Tundu lililo chini ya karibu kila kamera ni la robo inchi, yaani milimita 6.35, lenye hesi 20 kwa inchi. Baadhi ya fimbo zina skrubu hiyo chini ya kifundo cha mpini. Kama yako haina, fundi anaweza kuiweka, ila usikubali akufungie bolti ya M6, ile ya spana namba 10. Kwa macho zinafanana. Lakini M6 ina unene wa milimita 6 na hesi zake zimeachana milimita 1, wakati za robo inchi zimeachana 1.27. Itaingia, italegea, itakula hesi za kamera, na siku moja kamera itadondoka. Bolti isichomoze zaidi ya milimita 4 au 5, isije ikagonga mwisho wa tundu.

Kwa nyota za usiku fimbo haitakusaidia. Shata ya sekunde 20 inataka miguu mitatu. Na wakati wa kushuka, vua kamera kwanza, fimbo ibaki na kazi yake ya kulinda magoti na kuzuia usianguke. Kabla hujaondoka Moshi, fungua kifundo cha fimbo yako uone kilichomo, kisha ijaribu kwa kamera yako mwenyewe ukiwa bado karibu na fundi.