MACHO MAWILI, PICHA MOJA

Ninyi mlio darasani, fuateni mstari kwa mstari, nitasema polepole.

Kila mmoja asimamishe kidole gumba mbele ya pua yake, umbali wa shibiri moja. Fumba jicho la kushoto, utazame. Sasa lifumbue, ufumbe la kulia. Je, umekiona kidole kikihama? Hakikuhama. Kila jicho lina mahali pake pa kutazamia, kwa hiyo kila jicho huona picha yake. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili, ndipo ukajua kilicho karibu na kilicho mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838.

Televisheni ya kawaida huyapa macho yote mawili picha moja tu. Ndiyo maana mtu aliyemo huonekana bapa. Mwaka 2009 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Avatar. Watazamaji wengi waliivalia miwani maalum, kila jicho likapata picha yake, na vitu vikaonekana kutokeza mbele. Mwaka 2010 makampuni kama Samsung na Panasonic yakaanza kuuza televisheni za namna hiyo. Hazikudumu. Kufika mwaka 2017 hata LG na Sony walikuwa wameziacha.

Kwa nini? Senemani mtu hutulia gizani saa mbili. Nyumbani je? Mama anachambua mchele huku akitazama, mtoto amelala ubavu, mara mgeni anapiga hodi na miwani haitoshi! Asiyevaa huona picha mbili zilizopandana. Wengine waliumwa kichwa. Na mwenye jicho moja hafaidi kitu.

Sasa mafundi wanatafuta njia nyingine. Mwaka 2011 Nintendo walitoa chombo cha mchezo cha mkononi kisichotaka miwani, lakini sharti ukitazame kwa kukielekea. Kwa watu wengi chumbani, kazi ni ngumu zaidi. Tena kuna vyombo vya kufunika macho, kama kile cha Apple kilichouzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 3,499. Picha yake ni nzuri, lakini anayekivaa hutazama peke yake, na mimi sioni jamaa wa nyumba moja wakikubali hayo upesi.

Basi mtu akitaka kukuuzia televisheni kuukuu ya miwani, tena kwa bei ya kuongeza, muulize kwanza: miwani yake iko wapi, ni mingapi, na filamu zake utazipata wapi? Akisitasita, lipa bei ya televisheni ya kawaida, au uiache.