Askari wa udongo mezani: tuwavunje au tuwaache?

Mwezi huu tunaleta habari ambayo huenda wengine wataicheka, nayo ni habari ya vita. Si vita vya bunduki, bali vile vinavyopiganwa juu ya meza ya chakula kwa askari wasiozidi urefu wa kidole. Hapa kwetu Ihanda, wilayani Mbozi, mvua ikishika hakuna mpira uwanjani. Wavulana hujikusanya barazani na udongo wa mfinyanzi, na kabla ya jioni mama huambiwa asiweke sufuria mezani kwa sababu pale pana kikosi.

Namna wanavyowatengeneza inapendeza kuangalia. Udongo huchanganywa na mchanga laini kidogo ili usipasuke, kila askari hupewa njiti ya kiberiti kuwa bunduki yake, kisha huanikwa kivulini siku mbili tatu. Baadaye huja rangi: chokaa, mkaa uliosagwa, udongo mwekundu, na majani ya maboga yaliyopondwa ili kupata kijani. Brashi ni unyoya wa kuku. Wenye bahati hupata askari wa plastiki ndani ya mitumba inayotoka Tunduma, na hao hufanywa majemadari hata kama wamekatika mguu. Milima ni magunzi ya mahindi yaliyofunikwa gunia. Askari husogea shubiri moja, gari la waya shubiri mbili, na anayepiga hurusha dadu la ludo. Ikija sita adui ameanguka, ikija chini ya hapo amekosa. Mtoto asiyeweza kukaa kanisani nusu saa bila kujikunakuna, hapa hukaa mchana kutwa akipaka vifungo vya koti la askari mmoja.

Tunakiri kwamba si wote tuliopenda. Mwenzetu mmoja, Jumamosi akijiandaa kwa ajili ya Jumapili, alilifagia jeshi zima likaishia jalalani. Alidhani anaondoa nyumbani mwake roho ya kumwaga damu. Mtoto hakulia. Ila tangu siku ile akitoka shule hakuonekana. Baada ya wiki tatu mama aligundua kwamba mchezo umehamia katika jumba ambalo halijaisha kujengwa, kando ya barabara kuu, na huko dadu halikuwa tena la askari, lilikuwa la fedha, pamoja na vijana wakubwa wanaosubiri malori ya kwenda mpakani. Alimrudisha kwa kazi kubwa, na kwanza ilimbidi amwombe radhi. Kumwomba mtoto wako radhi si jambo jepesi, wenye watoto mnalijua. Ndiyo sababu tumeona tuandike.

Mchezo wenyewe ni wa zamani na umepita katika nyumba za watu wa kila namna. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prusia aitwaye von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza ya vita vya kuigiza, na mwaka 1824 mwanawe aliitengeneza upya ikawa ya kufundishia maofisa. Hao walicheza ili wajue kupigana vizuri zaidi, nasi hatuna la kuwasifia.

Lakini yuko baba mwingine, mchungaji Patrick Brontë wa Haworth huko Uingereza, mjane aliyefiwa na mkewe mwaka 1821. Mwaka 1826 alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mti. Dada zake watatu kila mmoja akajichagulia wake na kumpa jina. Kutokana na askari wale watoto walibuni nchi nzima, wakaiweka Afrika, wakaitungia vitabu vidogo mno vya maandishi ya kusomwa kwa taabu. Dada hao, Charlotte, Emily na Anne, walipokua wakawa waandishi ambao vitabu vyao vinasomwa hadi leo. Angalieni pia kwamba wasichana hawakufukuzwa mezani. Kwetu hapa binti akikaribia huambiwa akaoshe vyombo.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni. Aliamini kwamba mtu akiisha kuona fujo iliyomo katika vita vidogo hivyo, hatavitamani vikubwa. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani, na vita hivyo vilifika hadi huku kwetu. Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini kuwashambulia Wajerumani. Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita Mbozi na watu wake akielekea Fife, ng'ambo ya mpaka, akaja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia. Ulaya walikuwa wamekwisha kunyamaza tangu tarehe 11.

Tuliwasimulia wavulana habari hizo tukidhani tunawafundisha. Wakafurahi sana, wakaunda Wajerumani na Waingereza. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage pembeni akawauliza, "Hawa wajukuu zangu wanakula nini? Mizigo yao anabeba nani?" Wakakosa jibu.

Ni kweli, wajenzi wa majeshi ya mezani huwasahau watu hao. Katika vita ile risasi, mahindi na vitanda vya wakubwa vilibebwa vichwani mwa wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na nyuma yao walibaki wake zao na mashamba yasiyolimwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa kuwa wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na kikosi chao.

Basi kanuni imebadilika. Sasa kila askari watano lazima wawe na wapagazi watatu, na mpagazi akianguka, watano hao hawasogei. Mchezo umekuwa wa polepole. Wavulana wawili wamejitoa wakisema umekuwa kama hesabu. Waliobaki hubishana zaidi juu ya chakula kuliko juu ya bunduki.

Hata hivyo tusiseme kwamba jambo hili limekwisha kwetu. Yupo mama mwenzetu aliyetoka mashariki ya Kongo. Yeye aliwaona kadogo wa mwaka 1996, watoto waliovikwa sare na kupewa bunduki za kweli, na mmoja alikuwa mtoto wa jirani yake. Hawezi kukaa mbele ya meza ile. Hatukumhubiria wala hatukumwambia kwamba ni udongo tu. Akija, watoto hufunika uwanja wao kwa khanga bila kuambiwa mara mbili, na ni marufuku kwao kumwelekezea mtu kijiti, hata kwa mzaha. Mama mwenye jeraha kama hilo akikataa mchezo huu nyumbani mwake, tunaona ana haki yote.

Neno moja la rangi, maana watoto hupenda kulamba brashi. Tuliwakuta wakipaka buti za askari kwa unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Kataza. Kataza pia mabaki ya rangi ya mafuta ya milangoni, kwani nyingine zina madini ya risasi, na usiruhusu kamwe mtoto ayeyushe vipande vya betri ya gari. Askari wa kuchezea waliopendwa sana Uingereza, wa kiwanda cha William Britain, walitengenezwa kwa risasi tangu 1893 hadi kazi hiyo ilipokoma mwaka 1966. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Chokaa nayo huchoma macho, hivyo mchanganyie wewe. Mkaa, udongo na majani yanatosha, ukitia uji mwembamba wa muhogo ili rangi ishike.

Yule mtoto wa mwenzetu amefinyanga wapagazi 9 juzi, wawili kati yao ni wanawake wenye vikapu. Bado ni wabichi, na Jumapili meza inatakiwa kwa wageni wa jumuiya. Ameomba waachwe hadi Jumatatu. Mama yake amesema wageni watakula mkekani.